Kocha na Jezi za Rangi ya Cheri

Kama unasubiri nikuambie alizaliwa wapi na baba yake alikuwa nani, utasubiri sana, maana mimi sikuwahi kumuuliza naye hakuwahi kusema. Kwetu sote tuliokuwa tukinunua mali Guangzhou mwishoni mwa miaka ya tisini yeye alikuwa Kocha, basi. Hakuwa akifundisha timu yoyote. Kazi yake ilikuwa kupakia makontena ya Watanzania, na jina lile alilipata kwa sababu kichwani mwake mlikuwa na timu moja ya daraja la tatu huko Bulgaria, timu aliyoichezea alipokuwa mwanafunzi, na hakuna siku ya Mungu iliyopita bila yeye kuisimulia.

Naomba niseme mapema kwamba mimi mpira siupendi. Mimi ni mtu wa nguo, natoka Mwanza, na wanaume ishirini na wawili kukimbizana jua kali kwa ajili ya kitu wanachokipiga teke ni jambo ambalo halijawahi kuniingia akilini. Hata hivyo naweza kukuambia kwamba timu ile ilianzishwa na wafanyakazi wa kiwanda cha kusindika matunda pamoja na mafundi wa reli, katika mji mdogo ulio chini ya milima. Naweza kukuambia kwamba walichagua rangi nyekundu ya cheri iliyoiva kwa sababu mikono yao yote ilikuwa na rangi hiyo msimu mzima wa matunda. Nayajua haya kwa sababu kontena langu lilikuwa mikononi mwa Kocha, na mtu aliyeshika kontena lako humwambii anyamaze.

Alikuwa na namna yake ya kupakia. Alianza na ukuta wa ndani kabisa, safu ya kwanza ya katoni, na hapo timu ilikuwa inaanzishwa. Kila safu ilikuwa msimu mmoja. Katoni za vyombo za dada mmoja wa Tanga zilipakiwa wakati wa mafuriko yaliyobeba goli la kaskazini, na magunia yangu ya sketi yaliingia wakati chama tawala cha kule kilipowabadilishia jina kwa mara ya pili. Vibarua wa Kichina hawakuelewa neno, lakini walijua sauti yake ikipanda safu inakaribia kujaa. Ikifika mlangoni, timu imefika leo. Hakuacha mwanya wa kupitisha kiganja, na kwa miaka yote aliyonipakilia sikuwahi kupokea katoni iliyopondeka.

Safu moja tu ilikuwa ikipita kimya. Alipofika msimu wake wa mwisho, ule wa kumaliza masomo, aliinama, akaanza kuhesabu katoni kwa Kibulgaria, na safu iliyofuata ilikuwa imeruka miaka kadhaa mbele. Mara ya kwanza nilidhani amechoka. Mara ya nne nikamuuliza nini kilitokea mwaka ule, akanijibu kwamba mwaka ule aliondoka, kisha akamfokea kibarua ambaye hakuwa na kosa lolote.

Halafu kulikuwa na jambo la saa. Kuchelewa kwa Kocha ilikuwa dhambi isiyo na toba. Mfanyabiashara mmoja wa Unguja alifika godauni na marobota yake ya viatu dakika kumi na tano baada ya saa waliyokubaliana, akakuta mlango umefungwa na lakiri imeshapigwa. Lori lenyewe lilikuwa bado halijafika. Yule bwana aliomba, akaapa, mwishowe akatokwa machozi mbele yetu, mtu mzima na kofia yake. Kocha alimwambia treni imeondoka, akageuka kuosha mikono. Siku ile nilimchukia, na nilimwambia hivyo usoni. Kesho yake nikamkuta amebeba yale marobota kwa mgongo wake mwenyewe, mitaa miwili, kuyapeleka kwenye kontena la wakala mwingine, na ujira hakuchukua. Sasa mtu kama huyo utamweka fungu gani?

Akiketi kupatana bei na laoban, yaani bosi wa Kichina, alikuwa akishika kidevu chake kwa mkono wa kulia tangu mwanzo hadi mwisho. Wengine walidhani ni maringo ya msomi. Ukweli ni kwamba Bulgaria watu hutikisa kichwa wanapokubali na hukiinamisha wanapokataa, na alikaa kule mpaka shingo yake ikazoea. Kabla hajajifunza kushika kidevu alishauziwa feni mia mbili alizokuwa akizikataa kwa nguvu zake zote. Chakula chake kilikuwa ugali na pilipili hoho alizoziloweka kwenye siki mwenyewe, chupa zimepangwa dirishani mwa godauni. Na tukimlalamikia jambo lolote, forodha, mvua, laoban aliyebadilisha kitambaa, jibu lake lilikuwa lile lile: tucheze kwanza. Lilikuwa linaniudhi.

Habari mpya za timu alizipata kwa barua na faksi kutoka kwa mtu mmoja, aliyekuwa kipa enzi zao na sasa ni katibu. Sisi tulimwita Kipa, kama vile ni jirani yetu. Kwa mkono wa Kipa tulijua jinsi mambo yalivyoharibika kule baada ya serikali ya zamani kuanguka. Kiwanda cha matunda kilifungwa. Mwenye kituo cha mafuta aliinunua timu, akaipa jina la kampuni yake, akachoka nayo. Ikaja baridi ambayo bei ya mkate ilikuwa ikibadilika kati ya asubuhi na jioni, na watu wakang'oa mbao za viti vya uwanjani wakaenda kuwashia moto. Nyavu za magoli zilionekana baadaye kwenye bustani za maharage. Kocha alisimulia haya bila kumlaumu mtu, akasema hata yeye angekuwa na watoto wanaotetemeka angeanza na benchi la wachezaji wa akiba.

Aprili moja, wakati wa maonyesho ya biashara, ilikuja faksi ambayo Kocha aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena ameketi. Chama cha mpira cha mkoa kilikuwa kimechoka. Mara mbili msimu ule timu ilikuwa imeingia uwanjani na jezi za kuokoteza, wengine mikono mirefu, wengine namba zinazofanana, na mara zote mbili wapinzani walipewa ushindi wa mezani. Ikitokea mara ya tatu, timu inafutwa. Mechi ilikuwa Jumapili ya wiki iliyofuata. Kipa hakuomba kitu. Aliandika tu kwamba huenda hii ikawa faksi yake ya mwisho kama katibu, kwa kuwa huenda pasiwe na kitu cha kuwa katibu wake.

Kocha akanishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kufanya. "Dada, wewe ni mtu wa nguo. Jezi kumi na nane. Zifike kabla ya Jumapili ile."

Njia ilikuwepo. Mama mmoja wa Kibulgaria alikuwa amekuja kununua midoli na madaftari mtaa wa Yide Lu, na Kocha alikuwa mkalimani wake. Alikuwa anaruka Alhamisi mchana, mji wake hauko mbali na ule wa timu, na alikubali kutoa kilo tano kwenye mzigo wake. Isitoshe, alikuwa amekuja na jezi moja kuukuu kutoka kwa Kipa, iwe zawadi ya kumbukumbu kwa Kocha. Aliniachia mimi hotelini kwa kuwa Kocha alikuwa godauni.

Hapa ndipo nilipoharibu. Nilikuwa najivunia wepesi wangu. Sikumpelekea Kocha ile jezi. Niliichukua moja kwa moja hadi kwenye kiwanda kidogo cha kushona ninachokijua, ghorofa ya tatu, nikamwekea laoban mezani. Kocha alikuwa ameniambia rangi: nyekundu ya cheri iliyoiva mpaka inakaribia kuwa nyeusi. Mimi cheri ya namna hiyo nilikuwa sijaiona. Jezi iliyokuwa mkononi mwangu ilikuwa na rangi ya ufizi. Laoban akauliza, kama hii? Nikasema, kama hii hasa. Mimi, ambaye kila siku sokoni Mwanza nawaambia wateja nguo hii ukifua juani itapauka.

Kitu kimoja tulibishana na Kocha, kitambaa. Nilimwambia jezi za siku hizi ni za nailoni nyepesi. Akang'ang'ania pamba, kwa sababu wao walivaa pamba. Nikamcheka, nikamwambia anawavisha vijana wa watu magunia, lakini nikaagiza pamba.

Jumatano asubuhi nilifungua mfuko mbele yake. Akatoa jezi moja, akaipeleka dirishani penye chupa zake, akaitazama kwa muda mrefu mpaka nikaanza kusikia matone yakianguka ukutani. Aprili ya Guangzhou kuta zinatoka jasho na hakuna kitu kinachokauka.

"Rangi hii umeitoa wapi?"

"Kwenye jezi aliyoleta mama."

"Jezi aliyoleta mama imefuliwa miaka kumi na saba," akasema.

Hakupandisha sauti. Nilitamani ardhi ipasuke. Rangi iliyosajiliwa kwenye chama cha mkoa ilikuwa ile ya cheri, na mkaguzi ambaye tayari anatafuta sababu angeipata kwa kutazama tu. Kushona upya hakukuwezekana, ndege ilikuwa kesho. Nikakaa juu ya katoni. Ndipo nikakumbuka pamba. Nailoni ingetushinda, lakini pamba inapokea rangi. Nje kidogo ya mji kulikuwa na kiwanda cha kutia rangi majinzi, na mwenye kiwanda nilikuwa namfahamu.

Laoban wa majinzi alizichovya adhuhuri ile. Tulisubiri pembeni ya mitaro inayopita maji ya bluu, na hapo ndipo Kocha alinisimulia ile safu anayoiruka, bila mimi kumuuliza. Mwaka wake wa mwisho alikuwa akisoma kwenye jiji kubwa na kwenda kucheza kwa treni kila wikiendi. Mechi ya mwisho ya msimu ilikuwa ya kupanda daraja. Asubuhi hiyo madukani ilifika shehena ya vyerehani, naye alikuwa na siku nne tu kabla ya kurudi nyumbani, akataka kumpelekea mama yake kimoja. Foleni ilikuwa ndefu. Alijipa moyo kwamba kuna treni ya saa sita. Jumapili treni ya saa sita haikuwepo. Alirudi bwenini amebeba cherehani, akajifungia, siku ya nne akapanda ndege bila kumuaga mtu. Siku hiyo hawakuwa na mchezaji wa akiba; wenzake walicheza wakiwa kumi.

"Wakafungwa?" nikamuuliza.

"Sijui. Mpaka leo sijauliza."

"Si mnaandikiana barua na Kipa?"

"Nikiuliza atanijibu."

Alijua tu kwamba baadaye, barua zilipoanza, timu ilikuwa daraja la tatu, na kwake hilo lilitosha kuwa jibu. Nilimwonea huruma, na papo hapo nikamkasirikia, kwa ajili ya yule bwana wa Unguja na marobota yake.

Jezi zilitoka na rangi nzuri ajabu, nyekundu nzito ya damu ya ng'ombe, na namba zilizochapwa kwa mpira zimebaki nyeupe. Lakini zilikuwa mbichi. Mashine za kukaushia pale ni za majinzi, joto lake lingeyeyusha namba zote, kwa hiyo laoban alizikamua tu. Tulizitundika godauni usiku kucha na feni mbili. Alhamisi asubuhi nilizishika, zilikuwa vilevile. Kocha akaleta mizani ya marobota. Kilo nane na ushee, na zilitakiwa tano.

Sikumbuki nani alitoa wazo la kuzivaa. Tulikuwa na Watanzania sita, Mkongo mmoja na vibarua wawili wa Kichina, na kila mmoja akavaa jezi mbili, moja juu ya nyingine, tukajibana kwenye teksi tatu kwenda uwanja wa ndege wa Baiyun. Pale maegesho Kocha akawakimbiza. Huku na huku, kati ya magari, watu wazima wenye watoto nyumbani, mvuke unawatoka mabegani. Mkongo alikuwa akilalamika kwa Kifaransa kwamba rangi inaingia kwenye ngozi. Yeye Kocha alisimama pembeni na saa mkononi. Nilimuuliza kwa nini havai, jezi zingegawanyika vizuri zaidi. Akasema yeye hakucheza.

Askari wa lango akaja anapiga filimbi, akataka sote tuondoke. Kibarua mmoja akamweleza, sijui kwa maneno gani, akionyesha ndege kisha kifua chake. Askari akawatazama wale wanaume wekundu waliokuwa wakihema, akaonyesha vidole kumi, yaani dakika. Tukazipata, na hazikutosha. Kwenye mizani ya shirika la ndege mfuko ulisoma kilo sita na nusu, na mzigo wa yule mama ulikuwa umeshafika kikomo. Binti wa kaunta akasema bu xing, haiwezekani, akalirudia neno lile bila kuinua macho. Nyuma yetu watu walianza kunung'unika. Kocha alikuwa amefumba macho.

Yule mama wa Kibulgaria, mnene, mpole, ambaye kama mimi hakuwa na haja na mpira, aliuvuta mfuko akatoa jezi nne. Akazivaa moja baada ya nyingine juu ya blauzi yake nyeupe, zote mbichi, akifungua kinywa kwa baridi kila moja ilipomgusa, kisha akafunga koti mpaka shingoni. Mizani ikasoma tano. Akamwambia Kocha kitu kwa Kibulgaria, na Kocha akatikisa kichwa kwa nguvu, yaani ndiyo, ndiyo.

Jumatatu ilikuja faksi yenye mistari mitatu. Wamefungwa nne bila. Wamecheza. Hawakufutwa. Kocha aliibandika ukutani kwa gundi ya katoni, na wiki ile alimsubiri mtu mmoja aliyechelewa kwa dakika arobaini nzima, mpaka tukahofia anaumwa.

Maonyesho ya Oktoba yule mama alirudi, akamletea bahasha kutoka kwa Kipa. Sikujua ina nini. Nilichokiona ni kwamba baada ya hapo Kocha aliacha kusimulia. Alipakia kontena langu lote kimya, safu baada ya safu, hata mafuriko hakuyataja, na mimi nisiyependa mpira nikajikuta namuuliza kama goli la kaskazini lilipatikana tena. Akasema lilipatikana, basi. Nilirudi Mwanza nikiwa na wasiwasi naye, na nilikuwa nimemkumbuka kabla hata ndege haijatua.

Mara ya mwisho nilimwona mwaka uliofuata, palepale Baiyun. Mimi nilikuwa naingia, nimechoka, nasukuma sanduku tupu. Yeye alikuwa kwenye mstari wa wanaoondoka, amevaa koti zito la sufu katika joto lile, shingo imenyooka kama anayekwenda kuposa. Nilimpa shikamoo yake, akaitikia, akaniambia anakwenda Bulgaria. Nikacheka, nikamuuliza kama wamemsajili uzeeni.

Hakucheka. Aliniambia kilichokuwa kwenye ile bahasha. Kipa alikuwa ameandika historia ya timu kwa mkono, tangu kiwanda cha matunda mpaka jezi za Guangzhou, kurasa arobaini, na mwaka ule anaouruka ulikuwa na ukurasa wake. Walicheza kumi, wakashinda mbili kwa moja, wakapanda daraja na kukaa juu misimu miwili kabla ya kushuka tena. Na Kipa alikuwa ameongeza mstari mmoja, kwamba mwenzao Mwafrika hakuwepo uwanjani siku ile kwa sababu ya ratiba mbaya ya treni, na kwamba wachezaji waliimba jina lake wakiwa wanazunguka mji.

"Sasa unakwenda kufanya nini?" nikamuuliza.

"Kuomba radhi."

"Radhi ya nini tena, Kocha, si walishinda?"

Mstari ukasogea, akauinua mkoba wake, akanigeukia.

"Ya kutouliza, dada. Wenzangu walikuwa wanacheza ngoma, na mimi nimewawekea matanga miaka kumi na saba."